Doa la Migoli

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, doa jekundu lilitokea kwenye ramani, mahali panapoitwa Migoli.

Damari Chiwanga hakuligusa. Madoa ya njano aliyazoea. Kazi yake katika Kituo cha Makadirio hapo Dodoma ilikuwa kuzipitia safari za watu kabla hazijafanyika. Mashine ilichukua njia, gari, hali ya hewa na kivuli cha kila msafiri, ikaiendesha safari hiyohiyo mara elfu moja, kisha ikaonyesha mahali ilipoharibika. Njano ilikuwa pancha, tumbo la kuhara, ugomvi wa kituoni. Nyekundu ilikuwa na maana moja tu: mtu ameanguka na hasogei tena.

Jina la msafiri lilikuwa Amoni Chiwanga, miaka sabini na minane, dereva wa malori mstaafu. Baba yake.

Safari yenyewe ilikuwa fupi: Dodoma hadi Iringa kwa barabara ya zamani, kupitia Fufu, Chipogoro na bwawa la Mtera, Alhamisi asubuhi mpaka jioni. Mzee alitaka kuendesha kwa mkono. Kuanzia Ijumaa, barabara hiyo ingekabidhiwa magari yanayojiendesha, na hakuna binadamu ambaye angeruhusiwa kushika usukani humo tena. Kwa umri wake alihitaji sahihi ya mdhamini, na mdhamini alikuwa Damari. Mdhamini akikataa hatoi sababu. Akikubali, lazima awe amesaini kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia safari.

Alifungua pitio la kwanza. Mashine haikuonyesha sura za watu, ilionyesha vipimo. Gari lilitoka barabarani na kuingia kijijini. Baba yake alishuka. Watu wapatao sitini walimzunguka. Sauti zikapanda, zote kwa pamoja. Mapigo ya moyo wa mzee yakafika mia moja na arobaini. Mtu akamvuta nguo, mwingine akaivuta upande wa pili. Kisha mzee akawa chini, chali, na watu wakaanza kulia. Pitio likakoma.

Alifungua la pili, la ishirini, la mia nne. Yalitofautiana kidogo. Mara alianguka karibu na mlango wa nyumba, mara katikati ya uwanja. Kwa jumla alianguka katika mapitio mia tisa na kumi kati ya elfu.

Idadi hiyo ndiyo iliyomsumbua kuliko rangi yenyewe. Moyo mbovu haushiki ratiba namna hiyo. Mzee mwenye moyo mbovu huanguka mara hamsini katika elfu, na huanguka popote: Fufu, Chipogoro, hata chooni kwake kabla ya kuondoka. Jambo linalotokea mara mia tisa, mahali pamoja, mbele ya watu walewale, si ajali. Ni mpango. Kilichobaki kujulikana ni mpango wa nani.

"Umeganda, dada," alisema Zamoyoni, aliyekaa meza ya pili, akinyoosha shingo kuchungulia. Aliona jina kwenye skrini, akaacha utani. "Aa. Mzee?"

"Migoli. Mia tisa na kumi."

Zamoyoni alipiga mluzi mdogo. "Ana adui huko?"

"Sijui."

"Basi kiulize kivuli."

Kivuli cha mtu kilitengenezwa kutokana na bangili ya mkononi aliyoivaa kwa miaka mingi, na simu zake, na maongezi yake na vyombo vya nyumbani. Kilijua atakunywa chai wapi na atakasirika lini. Kikiulizwa, kilijibu, na hakikujua kusema uongo. Sheria ilikataza kukiuliza bila idhini ya mwenyewe. Wakadiriaji karibu wote walikuwa wamekwisha kukiuliza cha mtu fulani.

"Dakika moja tu," Zamoyoni alisema. "Nani atajua?"

"Wewe ulipokiuliza cha mkeo, nani alijua?"

Zamoyoni aligeukia skrini yake. Alisema kwa sauti ya chini, "Hakuna. Ndiyo shida yenyewe. Nakula naye kila siku, nina jibu mdomoni, siwezi kulimeza wala kulitema." Akaongeza, "Lakini mimi swali langu lilikuwa la kipumbavu. Lako ni la uhai wa mtu."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na Damari aliipima kama alivyopima mambo mengine. Angeweza kukataa kusaini. Baba angebaki hai, angalau hiyo Alhamisi, na asingejua kwa nini bintiye amemnyima safari yake ya mwisho. Angeweza kumwambia alichokiona. Lakini sheria ilikataza hilo pia, tena kwa sababu ya kueleweka: mtu aliyeambiwa hubadilika, kivuli chake hakifanani naye tena, kadirio linabatilika, na jipya huchukua wiki nzima. Wiki hiyo haikuwepo. Au angeweza kuuliza.

Alifungua kisanduku cha maswali. Kilikuwa na neno moja: *Uliza.* Akaandika: *Unakwenda Migoli kufanya nini?*

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. Alijua kivuli kisingejibu hilo peke yake. Kilikuwa na tabia ya kueleza tangu mwanzo, kama mtu aliyekosa msikilizaji kwa muda mrefu. Angesikia habari za Migoli, na pengine habari za mama yake, na za miaka ile ambayo baba alikuwa akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Yote yangekuwa kweli. Hakuna hata moja ambalo mzee angekuwa ameamua kumwambia.

Alifuta maneno, herufi moja moja, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" Zamoyoni aliuliza.

"Nyumbani, Nkuhungu. Sheria imekataza kusema. Haijakataza kuuliza mtu mwenyewe."

*

Mzee Amoni alikuwa uani, amepiga magoti kando ya gari, anakagua matairi kwa kuyagonga na spana na kusikiliza mlio. Gari lilikuwa pikapu ambayo zamani ilinywa dizeli. Sasa ilikuwa na betri chini ya bodi, lakini mzee hakuacha kufungua boneti kila asubuhi, akatazama mahali injini ilipokuwa, akafunga.

"Mama, umerudi mapema. Wamekufukuza?"

"Nimekuja tupange safari, baba."

"Imeshapangwa." Alisimama kwa kushika mlango wa gari. "Kaa hapo nikusomee ratiba. Tunatoka jua likichungulia. Fufu tunakunywa chai, chupa hiyo hapo. Chipogoro tunakojoa."

"Kwa nini Chipogoro?"

"Kwa sababu nimekojoa Chipogoro miaka thelathini na minne, kibofu kimezoea. Mtera tunapunguza mwendo darajani, tunatazama maji yako wapi mwaka huu. Migoli tunasimama kidogo. Halafu Nyang'oro, mlima ule, tunaupanda na betri isiyopungua nusu, maana sitaki kuvutwa na gari lisilo na dereva mbele ya watu. Iringa tunaingia jioni."

"Unasema 'tunaupanda'. Mimi sijasema nakwenda."

"Utakwenda. Umeshavaa viatu vya kutembea."

Damari alitazama viatu vyake. Kisha alitazama mizigo nyuma ya pikapu. Kreti mbili za zabibu, zimefunikwa gunia lenye maji. Chupa ya chai. Karanga za kukaanga. Na juu ya karanga, koti la kaki, zito, la mtindo wa zamani, limekunjwa vizuri. Alilikunjua. Mikono yake ilikuwa mifupi. Baba yake alikuwa mtu mrefu. Koti hilo lisingemfika kwenye vifundo vya mikono. Na Mtera kwa mwezi huo kulikuwa na joto la kumvua mtu hata shati.

"Koti la nani hili?"

"Langu."

"Halikutoshi."

"Limekuwa langu kwa miaka ishirini na moja. Kutosha ni jambo jingine." Mzee alilichukua, akalikunja tena kwa mikunjo ileile.

"Baba, Migoli unakwenda kufanya nini?"

"Samaki."

"Samaki wako sokoni hapa."

"Wa hapa wamelala kwenye barafu mpaka wamesahau maji."

Alisubiri. Alikuwa amewahoji wasafiri wengi na alijua kwamba mtu akiachwa na ukimya, huujaza. Lakini baba yake alikuwa amekaa peke yake kwenye kabini za malori nusu ya maisha yake, na ukimya haukumtisha. Ikabidi aseme jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu wa kazi.

"Ningeweza kujua bila kukuuliza. Unajua hilo. Nimekuja kukuuliza."

Mzee aliitazama bangili yake mkononi, kisha akamtazama yeye. Alikaa kwenye ukingo wa bodi ya gari, akampisha nafasi kando yake.

"Kikoti amefariki," alisema. "Yule Mhehe niliyekuwa nagawana naye lori. Kesho wanaanua tanga."

"Mbona hukuandika kwenye fomu kwamba unakwenda msibani?"

"Niandike nipewe alama za huzuni? Mzee wa umri wangu mwenye alama za huzuni hapewi usukani, anapewa dawa ya usingizi. Nikaandika samaki."

"Ungetuma salamu. Ungeonekana kwenye skrini, kama watu wengine."

"Mimi ni mtani wake, Damari. Mgogo kwa Mhehe. Mtani hatumi salamu wala haonekani kwenye skrini. Ndugu zake wamekaa chini tangu azikwe, hawawezi kuinuka mpaka mtani afike afanye kazi yake. Wamenipigia. Walibaki na watani wengine watatu, wawili wamekufa, mmoja yuko Kanada."

"Kazi gani?"

"Kazi ya mtani."

"Ndiyo ipi?"

Mzee alicheka kidogo puani. "Ninyi utani mnaujua wa ofisini. Kumwambia mwenzako amenenepa. Ukija utaona. Nikikusimulia leo, kesho utasimama pale kama mkaguzi, unaweka alama ya vema na ya kosa." Kisha uso wake ukatulia. "Ila nakuomba kitu kimoja, mama. Chochote utakachoniona nafanya pale, usinikimbilie. Ukinikimbilia, umeharibu, na hakuna wa kurudia."

Damari aliyashika maneno hayo, akayaweka kando ya vipimo. Sauti zinazopanda kwa pamoja. Nguo inayovutwa pande mbili. Mwili chini. Vilio. *Usinikimbilie.* Na koti lisilomtosha.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, la kiufundi. Mapitio elfu moja yalikula umeme mwingi, kwa hiyo waliounda mashine waliweka kikomo: mwili ukitulia sekunde tisini huku walio karibu wakilia, pitio linasimama na kuhesabiwa limekwisha. Walikijaribu kikomo hicho kwa maelfu ya vifo vya hospitalini na barabarani, mijini kote, na hakikukosea hata mara moja. Hakuna mtu wa mjini aliyewahi kulala chali mbele ya watu sitini wanaolia, kisha akawa na sababu nyingine ya kulala hapo.

Kwa hiyo mashine haikusema kwamba baba yake angekufa. Ilisema angelala, na kwamba yenyewe iliacha kutazama. Vitu hivyo viwili si kimoja. Lakini pia haikusema kwamba angeinuka. Alikuwa na miaka sabini na minane, na mapigo mia moja na arobaini ni mapigo mia moja na arobaini, hata mtu akiwa anacheza.

Alitoa simu. Ilikuwa imepita saa tano na nusu.

"Nitaendesha mimi mlima Nyang'oro," alisema.

"Utaendesha ukiwa umeolewa na gari hili."

"Baba."

"Haya. Nyang'oro utaendesha wewe."

Akasaini. Alipokwenda dukani kununua maji, alipitia zahanati akaazima kifaa cha kushtua moyo, kile cha kubeba begani, akakificha chini ya kiti.

*

Chai ya Fufu walikunywa wakiwa wamesimama. Chipogoro walikojoa. Mzee aliendesha kwa vidole viwili, akiyataja mashimo ambayo yalizibwa kabla Damari hajazaliwa, na pale Mtera alipunguza mwendo kama alivyoahidi. Maji yalikuwa mbali na ukingo, ya rangi ya chuma, na ng'ombe walikuwa wakila majani mahali ambapo zamani palikuwa kilindi.

Walipofika Migoli alisimamisha gari hatua chache kutoka kwenye nyumba, akavaa koti. Mikono ilimwishia katikati ya kiwiko na kiganja. Akakohoa mara mbili, kikohozi cha kukwaruza ambacho hakikuwa chake, akashuka.

Watu walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, wamenyamaza. Wa kwanza kumwona alikuwa mwanamke mnene aliyefunga kitenge kiunoni. Aliinuka na kupiga kelele.

"Mgogo huyo! Amesikia kuna wali! Bakuli lako la kuombea liko wapi?"

"Nimewaachia nyinyi mlirithi!" baba yake alipaza sauti. "Mbona sijasikia hata mbwa mmoja akibweka tangu niingie? Wahehe, mmewafanya nini?"

Uwanja mzima ulilipuka. Sauti zilipanda, zote kwa pamoja. Vijana wawili walimrukia. "Koti la baba! Mwizi! Miaka ishirini na moja baba anadai koti lake!" Mmoja alivuta upande huu, mwingine upande ule, na mzee alizunguka katikati yao akiling'ang'ania, akikohoa kile kikohozi, akitembea kwa mguu mmoja ulioburuzika kidogo. Damari hakuwahi kumwona Kikoti. Aliona kwamba wote pale walikuwa wakimwona.

Bangili yake, iliyounganishwa na ya baba, ilionyesha mia moja na thelathini na nane.

Mzee alifika mlangoni. Alimwelekea mwanamke mwembamba aliyekaa peke yake karibu na kizingiti, mjane, ambaye hakuwa amecheka wala kuinua macho. Akasimama mbele yake. Akashika kifua. Magoti yakakunjika, akaenda chini, chali, mavumbi yakaruka.

Vilio vilianza palepale. Havikuwa vya mchezo. Wale vijana wawili waliokuwa wakivuta koti walikuwa wamejishika vichwa.

Damari alikuwa ameshika mkanda wa kile kifaa. Hakukumbuka kukitoa chini ya kiti. Alitazama bangili: mia na ishirini. Mia na kumi na tano. Yalikuwa yakishuka, na mapigo hushuka kwa mtu anayepumzika na kwa mtu anayekufa, na kwa dakika ya kwanza huwezi kutofautisha. Kifua chini ya lile koti nene hakikuonekana kikipanda.

Alipiga hatua moja. Mwanamke mnene mwenye kitenge alimwona, akatikisa kichwa mara moja tu.

Damari alisimama. Alihesabu. Alipofika tisini, alijua kwamba ofisini, kwenye mashine, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kuanzia hapo hakuna aliyekadiria chochote.

Mjane aliinuka kutoka kizingitini. Alijongea, akamwinamia mtu aliyelala, akagusa kola ya koti, akainyoosha.

Jicho moja la mzee likafunguka.

"Mama Tuli," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nani amekalia kiti changu?"

Mjane alimtazama. Kitu kilimtoka kifuani ambacho kilianza kama kwikwi na kikaishia kuwa kicheko, na hakikukoma, akakaa chini mavumbini kando yake akicheka na machozi yakimtiririka. "Toka hapa," alisema. "Toka hapa, Kikoti, umekufa, nenda zako!" Akamvua koti kwa mikono yake mwenyewe. Watu waliinuka kwenye mikeka. Mmoja alianza kuikunja.

Damari alikiweka kifaa chini, polepole, akakifungia kwenye mfuko wake.

*

Waliondoka na samaki sita na bila zabibu. Damari aliendesha Nyang'oro, betri ikiwa juu ya nusu, na baba yake hakulalamika ila mara mbili, kwenye kona.

Mlima ulipokuwa nyuma yao, mzee aliuliza, "Sasa safari imekwisha, unaruhusiwa. Mashine yako ilisema nini?"

"Ilisema utaanguka Migoli."

"Ikasema nitaamka?"

"Haikusubiri."

Mzee alifikiri juu ya jambo hilo, akatafuna karanga. "Basi hiyo haijawahi kufiwa," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Na wewe ulisubiri."

"Nilipiga hatua moja."

"Niliisikia. Moja inasameheka."

Walipopita Nduli alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Hakusogea kwa muda mrefu. Damari hakutazama bangili. Alipandisha kioo cha upande wake ili kelele za upepo zipungue, akapunguza mwendo, akasikiliza, akamsikia anakoroma.

Kwenye kizuizi cha Kihesa, skrini iliuliza: *Je, tukio lililokadiriwa limetokea?*

Akajibu: *Ndiyo.*

*Hali ya msafiri?*

Akaandika: *Yuko hai. Kikomo cha sekunde tisini hakifai. Maelezo yatafuata kwa idhini yake.*

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kizuizi kilipanda, na gari likaingia Iringa.